Usaili wa kazi Arusha: makosa ninayoyakwepa

Barua pepe ikisema 8:00 AM, ni saa mbili asubuhi. Ikisema 2:00 PM, ni saa nane mchana. Jambo la kitoto, lakini kampuni nyingi za utalii hapa Arusha huandika wito kwa Kiingereza, na ukisoma harakaharaka ile "8:00" inageuka saa nane kichwani. Mimi najibu wito siku hiyohiyo: "Nathibitisha kufika Jumanne saa mbili kamili asubuhi." Kama nimeelewa vibaya, watanisahihisha mapema.

Anayetoka Moshi ana kilomita kama 80 mbele yake. Kosta husimamasimama njiani, na Usa River na Tengeru zina foleni zake, kwa hiyo usaili wa saa mbili asubuhi unamtaka awe ameshakaa kwenye gari saa kumi na moja alfajiri. Kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, napanda kifodi (daladala ndogo) nikiwa nimevaa raba. Viatu vya usaili vinakaa kwenye mfuko, navibadilisha karibu na geti.

Vyeti nabeba halisi na nakala, kwenye bahasha ya plastiki. Kwa ajira za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira hapo hakuna mjadala: hati za matokeo ya muda na "testimonial" hazipokelewi, kitambulisho ni lazima, na aliyesoma nje ya nchi anatakiwa awe amehakikiwa vyeti vyake na mamlaka husika. Majina yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, nenda na hati ya kisheria inayoyaunganisha. Kumwambia karani "ni mimi yuleyule" hakujamsaidia mtu bado.

Salamu. Jopo likiwa na mtu mzima wa kuamkiwa, "shikamooni" moja inatosha kwa wote, kisha nasubiri kukaribishwa kiti. Wakiwa wa rika langu, "habari za asubuhi". Siiti mtu "bosi" wala "mheshimiwa".

Halafu linakuja lile swali: "Tuambie kuhusu wewe." Wengi huanza na alikozaliwa, mtoto wa ngapi kati ya wangapi, shule ya msingi, sekondari... Wanapofika kwenye kazi, jopo limeshaanza kuangalia karatasi ya msailiwa anayefuata. Mimi najipa dakika moja na nusu, naipima kwa simu nyumbani nikisema kwa sauti. Sentensi ya kwanza ni kazi ninayofanya sasa na kwa muda gani. Zinazofuata ni mambo mawili niliyoyafanya yanayofanana na kazi wanayoitangaza, kila moja na tarakimu yake: wageni wangapi, magari mangapi, lugha zipi. Ya mwisho ni kwa nini nafasi hii. Rombo au Monduli nilikozaliwa wataniuliza wakitaka.

Swali la vitendo ndilo linalotenganisha watu. Chukua hili la nafasi ya ofisi ya utalii: mgeni ametua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) usiku, sanduku lake halikufika, na kesho alfajiri anaelekea Serengeti. Utafanyaje? Jibu la kawaida ni "Nitamtuliza na kuhakikisha anaridhika." Halina kosa, ila halina kitu cha kupewa maksi. Jopo linataka kusikia hatua. Hatoki uwanjani kabla ya kuandikisha mzigo uliopotea kwenye dawati la shirika la ndege. Napiga picha namba ya kumbukumbu na kile kipande cha lebo alichopewa alipokabidhi mzigo. Namuuliza kama dawa zake zilikuwa sandukuni, maana nguo zinanunulika, dawa ya presha huenda ikahitaji daktari kwanza. Naliachia shirika namba ya ofisi ya Arusha pamoja na majina ya kambi atakazolala, usiku kwa usiku. Asubuhi dereva anampitisha dukani kabla hawajatoka mjini. Sanduku likifika, naulizia ndege ndogo ya kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, na naeleza gharama ataidhinisha nani. Hilo la mwisho husahaulika, na meneja hulisikiliza kuliko yote.

Kwenye mshahara, kosa ni kutaja kiasi bila kusema ni kabla au baada ya makato. Tuchukue 700,000 kwa mwezi, Tanzania Bara. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ni 70,000. Kodi inapigwa kwenye 630,000 iliyobaki: kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazikatwi, 250,000 zinazofuata ni asilimia 8, yaani 20,000, na zile 110,000 za juu ni asilimia 20, yaani 22,000. Unabaki na 588,000. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi ni 105,000 nyingine. Mkononi 483,000. Aliyekuwa na hesabu ya laki saba za kodi ya nyumba Njiro na ada ya mtoto anagundua mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nataja hivi: "Natarajia kati ya kiasi hiki na kiasi hiki, kabla ya makato." Cha chini ni kile ninachoweza kukubali kweli, kwa sababu mara nyingi ndicho watakachokishika.

Wakiuliza "Una swali lolote?", usiseme hapana. Nauliza kama nafasi ni mpya au kuna aliyeondoka, na muda wa majaribio ni miezi mingapi. Kwa kazi za utalii naongeza moja: mkataba ni wa mwaka mzima au wa msimu? Kuna kambi zinazofungwa Aprili na Mei kwa ajili ya mvua, na ni vizuri kujua kabla ya kusaini kama miezi hiyo unalipwa kamili, nusu, au unaambiwa uende nyumbani upumzike.