Kabla ya Rangi, Mkunjo

Katika batiki za kufunga, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kitambaa kikiwa bado cheupe, kwa kuwa rangi hupita pale tu ambapo mkunjo umeiachia njia. Mimi hutumia pamba tupu, ambayo huifua kwanza kwa sabuni na maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke.

Mkunjo ninaoupenda kuliko yote ni wa pembetatu. Kitambaa hukunjwa mbele na nyuma kwa urefu wake wote, mpaka kibaki utepe wenye upana wa kiganja. Kisha utepe huo hukunjwa pembetatu juu ya pembetatu, karibu kama sambusa, isipokuwa kila mkunjo hurudishwa upande wa pili badala ya kuzungushiwa, kwa sababu ukiuzungushia, tabaka za ndani zitafichwa na kubaki nyeupe. Ukichovya pembe peke yake, hutoka maua; ukichovya kingo, hutoka mistari inayokatana kama wavu.

Mkunjo wa konokono ni rahisi zaidi: unabana katikati kwa vidole viwili na kusokota.

Kufunga ndiko kulikonitesa. Doti yangu ya kwanza niliifunga kwa uzi uliolegea, na maua yakageuka mawingu. Siku hizi nakata vipande vya tyubu ya baiskeli, navivuta mpaka vidole viume, na sifungui kabla maji ya kusuuzia hayajawa meupe.