Nilivyowapa wazazi jioni nzuri bila baba kuona bei

Baba yangu ana ugonjwa usio na dawa. Ukimkalisha mgahawani, macho yake hayaendi kwenye majina ya vyakula, yanakimbilia bei. Akishaiona iliyo ndogo kuliko zote anafunga menyu: "Mimi hiki kinanitosha, wala sina njaa." Mama naye, asimwangushe mumewe, anaomba maji. Sasa wewe uliyewaleta utakula kwa raha gani?

Ushauri niliupata wa kuzidi. Shemeji alisema wape hela wakale wenyewe. Hela hiyo ingeishia kwenye ada ya mjukuu, namjua mzee. Dada akasema tafuta ofa mtandaoni, nusu bei, utanishukuru. Sijamshukuru mpaka leo. Hiyo ilikuwa mwaka jana: nilinunua vocha mbili, ya chakula na ya sinema, nikajiona mjanja. Kumbe mgahawa uko mwisho mmoja wa mji na sinema mwisho wa pili, na teksi ya katikati ikaumeza unafuu wote. Tukafika, tukakaa, nikatoa karatasi yangu. Mhudumu akaigeuza mbele na nyuma kama noti ya bandia, akasema kwa adabu kabisa, "Ofa hii haihusu wikendi." Tulikuwa tumeshakunjua vitambaa. Baba akaivuta menyu. Alichoagiza unakijua. Mama akaomba maji.

Mwaka huu walitimiza miaka 40 ya ndoa. Niliweka simu mfukoni nikatembea kwa miguu mtaani kwetu. Kuna mgahawa mdogo wa mtu na mkewe, na hatua chache kutoka hapo kuna mama mfinyanzi anayefundisha watu jioni. Siku zote napita hapo na sijawahi kuingia.

Mgahawani nilikwenda asubuhi, saa nne. Ukienda wakati wateja wamejaa hakuna atakayekusikiliza. Nikamuuliza mwenyewe jioni ipi kunapoa zaidi. Jumanne, akasema, tena kwa huzuni. "Nikikuletea watu 5 Jumanne ijayo, na nikakulipa leo taslimu, utanifanyia bei gani?" Alikuna kidevu, akamwangalia mkewe, akapunguza karibu theluthi na kuongeza kitu kitamu cha mwisho. Wala sikumbana zaidi. Hela ya mapema kwa siku iliyolala ni kitu kikubwa kwa biashara ndogo, maana anajua anapika sahani ngapi na hakuna kitakachomchachia. Risiti niliomba aandike tarehe na idadi ya watu. Nilishaumwa na nyoka.

Halafu nikamwambia ombi langu la pili: nataka menyu isiyo na bei. Alicheka mpaka akashika meza. Niliiandika mwenyewe nyumbani, kwenye karatasi nene, vyakula vitatu tu tulivyokubaliana, na binti yangu akachora maua pembeni. Mhudumu nilimwapisha: hata mzee akikuvuta chemba, hujui lolote.

Mpango wangu ulikuwa tule kwanza, ndipo twende kwenye udongo. Mfinyanzi ndiye aliyenizuia. "Watu walioshiba hawainami kwenye gurudumu," akasema. Tukageuza.

Laiti ungemwona baba, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, anapambana na bonge la udongo linalomzungukia kama lina pepo. Bakuli la kwanza lilisimama vizuri, akaanza kutuhutubia, likalala ubavu. La pili alinyamaza. Ulimi nje kidogo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Mama hakusema neno tangu aanze, tukaja kushtukia ana kikombe kizima mbele yake, kikubwa, na mdomo wake umenyooka.

Mezani baba alifika na udongo bado kwenye kucha. Akafungua menyu, akaigeuza, akaiinua kwenye taa. "Bei ziko wapi?" Nikamwambia siku hizi ndivyo wanavyofanya. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nipate akili, nikamsikia akiagiza kitu kwa sababu anakitaka. Mama aliagiza viwili.

Mwishoni baba akasema anakwenda kunawa. Sote tulijua anakwenda kunawa wapi. Alirudi na sura ya mtu aliyeibiwa pochi: kule jikoni walimwambia imeshalipwa tangu wiki iliyopita.

Jumla yote, watu 5, chakula na udongo, haikufika nilichokitupa mwaka jana kwenye vocha na teksi.

Ila vyombo hatukuondoka navyo. Sikuwa nimeuliza, nikakasirika kidogo: lazima vikauke polepole visije vikapasuka, ndipo vichomwe, vipakwe rangi ya kung'aa, vichomwe tena. Kwetu ilichukua wiki tatu. Lakini siku ya kuvichukua ikawa matembezi mengine ya bure, wazazi wakaenda wawili peke yao. Na jingine ambalo sikulijua ni kwamba udongo husinyaa ukikauka na ukichomwa, hupungua kama sehemu moja ya kumi hivi. Mama alikifinyanga kikombe chake kikubwa, kwa hiyo kimerudi saizi ya kawaida, na hanywei kingine. Bakuli la baba sasa linaenea funguo na miwani tu, na anashikilia kwamba yule mfinyanzi alimbadilishia.