Mtoto akinywa mafuta ya taa: ninayoyafanya kabla ya boti kuondoka

Simu zinazonijia huanza na swali moja: "Nimpe maziwa?" Mara nyingi maziwa yameshanywewa. Kwenye visiwa vya Lamu, ninakofanya kazi ya uuguzi katika zahanati, sumu ninayokutana nayo zaidi kwa watoto wadogo ni mafuta ya taa, kisha petroli ya mashine ya boti. Mafuta hupimwa dukani yakatiwa kwenye chupa ya maji au ya soda, nayo chupa ikasimama chini, kando ya jiko. Mtoto ana kiu, na chupa ile anaijua.

Jibu langu ni fupi. Usimpe maziwa, usimtie kidole kooni, usimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta ya kupikia. Mafuta ya taa yakikaa tumboni hayana balaa kubwa. Balaa ni yakiingia mapafuni, kwa sababu ni mepesi na kidogo tu kinatosha kuenea na kuunguza ndani. Kila mara mtoto akitapika, yanapita tena kwenye mlango wa pumzi. Maziwa nayo hujaza tumbo, na tumbo lililojaa ndilo linalorudisha. Chumvi ina hatari yake peke yake: ikizidi mwilini huleta degedege.

Wakati huo huo nataka nguo zivuliwe. Jambo hili husahaulika sana. Shati lililolowa mafuta linamchubua ngozi na kumfanya aendelee kuvuta mvuke njia nzima. Aoshwe kwa sabuni na maji, afutwe mdomo, kisha aje ameketi au amelala ubavu, na chupa ije naye.

Akifika, siangalii mdomo kwanza, naangalia kifua. Namwacha mapajani kwa mamake, nafungua nguo mpaka kitovuni, na nahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Sihesabu nusu dakika nikazidisha mara mbili, kwani mtoto mdogo huvuta pumzi za haraka kisha akatulia kidogo. Akiwa analia, nangoja anyamaze. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa miezi miwili mpaka karibu mwaka, ni 50. Pia natazama kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi. Ikibonyea, hewa ya oksijeni na safari ya hospitali, hapana mjadala.

Swali linalofuata: alipaliwa? Aliyepaliwa na kukohoa papo hapo alipokunywa nampeleka Amu, yaani mji wa Lamu, hospitali ya King Fahd, hata akiwa sasa anacheza na kamba za viatu vyangu. Ambaye hakukohoa namweka si chini ya saa 6, nikirudia hesabu kila nusu saa. Tumbo silioshi kwa mpira, na mkaa wa dawa, ule unaonyweshwa kunasa sumu tumboni, simpi, maana haushiki mafuta ya taa na unaweza kumtapisha.

Wazazi wengi hufika wakiwa wameshaanza kulaumiana. "Nani aliiacha chupa?" ni swali nisilouliza kabisa. Akiwepo mama mkwe chumbani, mama wa mtoto atasema "kidogo tu, na sasa hivi," na hapo nimepoteza mambo mawili ninayoyahitaji, kiasi na saa. Namwomba nyanya kwa adabu anitafutie shuka, halafu namuuliza mama kwa upole: asubuhi chupa ilikuwa imefika wapi? Aweke kidole. Saa nayo naipata kwa adhana: ilikuwa kabla ya adhuhuri au baada? Zikibaki hesabu mbili, nafuata iliyo kubwa.

Kwa vidonge, hesabu ndiyo kila kitu. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki kwa kawaida vina miligramu 60 za madini ya chuma kila kimoja. Mtoto wa kilo 10 akimeza 10, ni miligramu 60 kwa kila kilo, kiwango kinachoweza kuua. Atatapika na kuharisha, pengine na damu, kisha atapata nafuu ya saa kadhaa. Nafuu hiyo ni ya uongo na ndiyo inayowarudisha watu nyumbani. Mkaa wa dawa haushiki madini ya chuma pia. Kwa parasetamoli, hatari huanza kwenye miligramu 150 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 huifikia hatari hiyo kabla ya kumaliza vidonge vinne vya miligramu 500. Naye siku ya kwanza huonekana mzima huku ini likiumia. Hapa mkaa unafaa, gramu 1 kwa kilo, ikiwa haijapita saa moja na mtoto yuko macho. Dawa yenyewe ya kuokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, kwa hiyo maji yakiwa yanakupwa siwezi kungoja "tuone kesho".

Jiki iliyolambwa kidogo kwa kawaida huishia kuwasha koo; suuza mdomo, mpe mafunda machache ya maji. Kostiki ya kutengenezea sabuni na dawa za kuzibua mabomba ni jambo jingine kabisa. Midomo inaweza kuwa mizima na koo limeungua. Mate yakimtiririka na akikataa kumeza, safari. Ndimu ya "kukata ukali" isitumike: huzalisha joto juu ya kidonda.

Betri bapa ya mchezo au rimoti ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa 2 tu, kwa umeme wake. Kwa aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ikiwa hazijapita saa 12, nampa asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, isizidi mara sita, tukiwa njiani kwenda kwenye picha ya eksirei. Asali haingojewi ipatikane.

Msimu wa harusi naogopa piko, rangi nyeusi ya kujipambia, zaidi ya vyote. Bakuli linaachwa chini baada ya bibi harusi kupambwa, mtoto anaonja. Kwa saa chache ulimi na shingo huvimba mpaka pumzi ikazibika. Baadaye mkojo hugeuka mweusi na figo kusimama. Sisubiri uvimbe uanze. Naagiza boti iwashwe.

Ndani ya boti mtoto hulala ubavu, hasa msimu wa kusi bahari inapochafuka. Mfukoni mwa mama natia karatasi: alichokunywa, kiasi kilichopungua, saa, uzito wa mtoto, na kila hesabu ya pumzi na dakika yake. Chupa naifunga kwenye mfuko wake, kifuniko kimekazwa, mbali na mtoto.