Mwezi kumi na nne

Juzi umeme ulikatika saa mbili usiku, tukahamia barazani. Mwezi ulikuwa umejaa, ungeweza kuchambulia mchele. Mke wangu akawa analalamika kwamba soko la Mwanga kutwa nzima hakuona dagaa wabichi, nami nikajibu kwa sauti ya mzee wa mwaloni: "Mbalamwezi yote hii, nani aende ziwani?" Binti yangu, yule yule mnayemjua kwa maswali yake, akanigeukia.

"Baba, umejuaje?"

Nilicheka peke yangu, wakanishangaa. Neno hilo lilininyima usingizi mwaka 2011.

Nilikuwa mwaka wa pili wa stashahada hapa hapa Kigoma, jina la chuo tuliache. Mtoto wa Tabora, nimekulia chini ya miembe, ziwa nililiona kwa mara ya kwanza siku niliposhuka kwenye treni na begi langu. Semista ile tulikuwa na somo la mbinu za utafiti na uandishi, na darasa zima tulilihesabu kuwa ni somo la kupita nalo tu. Mkufunzi alikuwa mama wa Ujiji, tukimwita Madam. Sauti ya upole, kalamu ya shari. Ukimpelekea asaimenti anaipigia mistari, na pembeni anaandika neno moja: *Umejuaje?*

Niliandika, "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akila samaki." Umejuaje? Nikaandika kwamba wanawake wa Kibirizi hawana elimu ya kuhifadhi dagaa. Umejuaje? Basi nikajaza rejea tano, majina ya ukoo na miaka kwenye mabano, nikijua sasa nimemfunga mdomo. Akaniuliza katika hao watano nimemsoma nani. Sikuwa nimemsoma hata mmoja. Niliwahamisha kutoka kwenye desa la kaka mmoja aliyesoma Mwanza, na kwa haraka zangu nikalihamisha na Ziwa Victoria lenyewe. Lilikuwa limetulia zake ukurasa wa 6, watu wakivua humo, katikati ya utafiti wa Ziwa Tanganyika.

Hata hivyo proposo ikapita, baada ya kurudishwa mara nne. Nilitakiwa kuuliza kina mama wanaoanika dagaa wanapata hasara kiasi gani. Madodoso 40, mwalo wa Kibirizi, siku tatu, tarehe 18 hadi 20 Machi. Tarehe nilizipanga mwenyewe, na nilizipanga kwa sababu moja tu: wiki iliyofuata nilitaka nipumzike.

Ijumaa asubuhi nikafika mwaloni na faili langu. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu, wengine wanacheza bao. Mchanga mtupu. Nikazunguka nusu saa, nikajisemea watu wa huku wamechelewa kuamka. Sikumuuliza mtu hata mmoja, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yaliyofuata. Nilikuwa na karatasi 40 zilizojaa maswali, na swali moja nililotakiwa kuuliza halikuwemo. Nikarudi hosteli. Jumamosi kulikuwa na harusi Mwanga. Jumapili nikakaa kitandani nikayajaza yote 40, kwa kalamu tatu, ya bluu, nyeusi na nyekundu, na kumi nikayaandika kwa mkono wa kushoto ili miandiko ipishane. Nilifanya kazi, jamani. Kama ningetumia bidii ile kuuliza watu, ningemaliza mapema.

Baada ya siku chache Madam akaniita ofisini.

"Shikamoo Madam."

"Marahaba. Kaa."

Feni ilikuwa inazunguka kivivu. Mezani alikuwa ameyapanga madodoso yangu mafungu matatu, na ilinichukua muda kugundua kwamba fungu la kwanza ni la bluu, la pili jeusi, la tatu jekundu. Akachomoa moja. "Mama wa miaka 42," akasoma taratibu, "Jumapili alfajiri alinunua mabeseni 12 ya dagaa wabichi, matatu yakaharibika." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Takwimu nzuri hizi."

Nikashusha pumzi.

"Hebu niambie, Jumamosi ile usiku uliuona mwezi?"

Nikadhani kazi imekwisha, sasa tunapiga soga. Nikachangamka. "Niliuona, Madam! Nilitoka harusini Mwanga kwa miguu, wala sikuwasha tochi. Unaona hadi maua ya kanga za kina mama!"

Hakujibu. Aliinuka, akaenda ukutani kwenye kalenda, zile zinazotolewa misikitini, zenye tarehe kubwa za kizungu na ndogo za Kiislamu chini yake. Akaweka kidole kwenye 19 Machi. Nikainama kutazama. Chini ya kidole chake palikuwa na 14.

"Mwezi kumi na nne," akasema.

Bado sikuelewa. Akaniangalia kama daktari anayemwangalia mgonjwa asiyejua anaumwa. Kisha akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai juu ya maji, dagaa wakafuata mwanga, wakakusanyika, nyavu zikawapandisha. Mwezi ukijaa ziwa zima lina mwanga. Taa ya mtu haimwiti yeyote. Siku hizo mitumbwi hulala. "Mimi nimesomeshwa kwa dagaa," akasema. "Mwezi kumi na nne nyumbani kwetu tulikula maharage. Sasa haya mabeseni 12, baba, aliyavua nani?"

Feni. Kalamu tatu mfukoni mwa shati langu, zote zinaonekana.

(Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwezi wa usiku ule ulikuwa karibu na dunia kuliko ulivyowahi kuwa kwa miaka 18. Dunia nzima ilitoka nje kuutazama. Katika usiku wote wa kudanganyia, nikauchagua huo.)

Hakunipeleka kwa mkuu wa chuo. Alinipa madodoso 40 meupe na kuniambia nirudi mwezi ukiandama. Nilirudi mwanzoni mwa Aprili, na masika yakanipiga vizuri. Mama wa kwanza kumuuliza anapoteza asilimia ngapi alicheka mpaka akashika kiuno. "Asilimia ndiyo nini, mwanangu? Mvua ikinikuta nimeanika, nazoa mchanga." Nikalifuta swali langu, nikaandika jibu lake. Wanaoanika kwenye chanja walikuwa na maneno mengine kabisa, na elimu ya kuhifadhi niliyodai hawana walinipa wao, nimesimama, bila ada. Ripoti ikaandikwa. Nikapata B.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Yale madodoso ya pili yalikuwa 40, lakini niliyoyajaza mwaloni ni 38. Siku ya mwisho mvua iligoma kukatika, steshenari inafungwa saa 12 jioni, na mimi nina karatasi mbili nyeupe. Nikazijaza chini ya kibaraza cha duka. Kalamu moja tu safari hii, na tarehe nilizitazama kwanza kwenye kalenda. Maelezo ya mojawapo Madam aliyasoma mbele ya darasa, akasema hivi ndivyo anavyoandika mtu aliyefika mahali.

Binti alikuwa bado ananisubiri.

"Wavuvi waliniambia," nikamjibu.

"Wavuvi gani?"

Umeme ukarudi.