Bunduki yangu ya pampu ilivyoacha kung'ang'ania maganda

Alhamdulillah, imepona. Nilianza kuwinda paa nayo kabla uwindaji haujapigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Mti wake umeshika umbo la kiganja changu, siibadilishi kwa mpya. Siku hizi ni ya shabaha tu, kwa leseni.

Tatizo: nikipiga moja, pampu, yaani mshiko wa mbele unaovutwa nyuma kutoa ganda la risasi iliyopigwa, inagoma kurudi, ganda limenasa ndani. Nilimwaga mafuta, nikabadilisha risasi, nikaweka hata kucha mpya ya kuvutia ganda. Wapi!

Juzi nikahakikisha haina risasi hata moja, nikafungua kifuniko cha mbele, nikachomoa mtutu na kuumulika tochi kutokea nyuma. Pale ganda linapokaa palikuwa na kutu nyembamba, chumvi ya hewa yetu ya Mombasa, na utando wa plastiki ya maganda. Miaka yote nilikuwa nasugua kwenda na kurudi. Safari hii niliviringisha waya laini wa chuma kwenye brashi ya shaba, nikauzungusha hapo hapo kama anayepekecha. Hilo la kuzungusha ndilo lililong'oa utando. Nikafuta pakavu, nikapaka mafuta kidogo mno.

Raundi ishirini na tano, hakuna lililonasa. Na ala ya ngozi nimeiacha, inatunza unyevu.