Hospitali yenye majiko tisa

Siku hizi nasoma sana habari za vita ya kwanza ya dunia na kuna hospitali moja imenikaa kichwani kwa sababu ya jikoni, sio madaktari wala dawa, jikoni tu. Iko Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Pale kuna jumba linaitwa Royal Pavilion, lina makuba na minara utadhani mtu kalihamisha kutoka India, kumbe alijengewa mfalme George wa nne kwa ajili ya starehe zake. Mwishoni mwa 1914 wakaligeuza hospitali ya askari wa Kihindi waliokuwa wanaumizwa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji wakiipigania Uingereza. Wakaweka vitanda zaidi ya 700 humo na kwenye majengo ya jirani, picha zipo, unaona safu za vitanda na juu yao linaning'inia taa kubwa la vioo.

Sasa sikia, lile jiko kuu la mfalme walilifanya chumba cha upasuaji, halafu chakula kikapikwa kwenye majiko tisa tofauti! Waislamu na kwao, Wahindu kwa matabaka yao, Kalasinga na kwao, nyama ya Muislamu inachinjwa mbali na ya mwingine. Hata bomba za maji wodini zilikuwa mbilimbili, ya Wahindu na ya Waislamu, na maandishi juu kwa lugha zao. Kwenye bustani Waislamu walipewa sehemu ya kuswalia na Kalasinga wakawekewa hema la ibada. Mimi nilivyosoma nikasema eh, hawa jamaa walijipanga.

Ila usishangilie mapema. Watu waliachwa waamini kwamba mfalme kajinyima nyumba yake kwa ajili ya majeruhi, wakati halmashauri ya mji ililinunua hilo jumba tangu 1850. Wapiga picha wakaingia, postikadi zikachapwa, maana serikali ilitaka India ione watoto wake wanavyotunzwa ili wengine waendelee kujiandikisha. Na mjini hapohapo kulikuwa na hospitali nyingine ya Wahindi, Kitchener, huko ni ukuta na ulinzi, kutoka mpaka ruhusa, wakubwa wanaogopa askari wasije wakazoeana na wanawake wa Kizungu. Barua zao zinasomwa kabla ya kutumwa, na kilichowauma zaidi ni kwamba ukipona tu unarudishwa mstari wa mbele ukapigwe tena.

Kuna mmoja anaitwa Mir Dast, alivuta gesi ya sumu vitani kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915 na bado akawabeba wenzake chini ya risasi. Agosti mfalme George wa tano akaja mwenyewe hapo Pavilion kumvisha Victoria Cross, nishani ambayo hakuna inayoizidi. Yeye akatumia nafasi hiyo kuomba mtu aliyekwisha jeruhiwa asirudishwe vitani. Baadaye akaandika kwamba nishani ni nzuri sana lakini hii gesi haimpi raha, imemmaliza. Jumba lote lile na mataa yake, kifua ndio hivyo tena.

Sasa mimi kama mtu wa Dar siwezi kusoma haya nisiwafikirie wapagazi wa huku kwetu, wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi, Kariakoo tunayopigia makelele kila siku imetokana na kambi yao. Vita ni ileile, serikali ni ileile, miaka ni ileile. Wapagazi wa upande wa Waingereza walikufa zaidi ya 90,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi, ni kuhara damu, malaria na kichomi. Mtu kazoea ndizi au wali toka azaliwe, unampa unga wa mahindi uliosagwa chengachenga, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa mvua, anaula nusu mbichi baada ya kubeba mzigo kutwa nzima, tumbo litafanyaje? Hospitali za wapagazi zilikuwepo ndiyo, ila wengi walifika wameshaisha, na wengine walibaki njiani.

Kwa hiyo wale wakubwa walijua kabisa kwamba chakula cha mgonjwa ni jambo zito, Brighton walilielewa mpaka wakagawa mabomba. Huku hakukuwa na mpiga picha wa postikadi wala mtu wa kumtumia.

Wahindu na Kalasinga 53 waliofia Brighton walichomewa kwenye vilima nje ya mji, pakajengwa mnara wa marumaru, Chattri, uliozinduliwa 1921. Waislamu walizikwa Woking, mji mwingine hukohuko Uingereza, karibu na msikiti wa Shah Jahan. Wa kwetu wana ile minara ya jumla tu, na 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ikatoa ripoti ikakiri kwamba watu 116,000 au zaidi, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawajaandikwa majina popote, au hawajakumbukwa kabisa.