Nilifuata nishani Tanga, nikarudi na machungwa

Jumamosi nimeondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi nikijua saa sita mchana nishafika, wapi bwana, tumefika karibu na Mkata tairi pwaaa, tumekaa juani lisaa lizima na konda anasema dakika kumi tu jamani. Muheza nikanunua machungwa ya kumpelekea mjomba, yale ya ganda la kijani ila ndani sukari tupu. Stendi ya Kange, Tanga, nimeshuka saa tisa, nimechoka hata bajaji sikubishana nayo bei.

Mjomba anakaa Ngamiani. Alipigana vita vya Kagera, na sisi tumekua tunaambiwa ana nishani ila hakuna mtoto aliyewahi kuiona, mi nikasema kabla ya Mashujaa Julai 25 lazima nimpige picha kaivaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetoka Dar kuniletea machungwa Tanga?"

Aibu niliyoona acheni tu.

Nishani ipo kwenye kopo la maziwa ya unga, imelaliwa na risiti za maji, utepe umefifia. Kuivaa kagoma. Kaiweka mezani, kamimina kahawa, kasogeza kashata, ndo akaanza.

Alikuwa mgambo. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin wa Uganda yameingia Kagera, Nyerere kasema redioni sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, basi na yeye huyo kwenye lori. Mi nilikuwa nasubiria Kampala ilivyotekwa, tarehe 11 Aprili 1979, nikajua hapo ndo pataniliza, yeye Kampala kaipita hivi hivi: "Tuliingia kwa miguu, viatu vimekwisha." Alipokaa sana ni Lukaya.

Lukaya ipo barabara ya Masaka kwenda Kampala, na barabara yenyewe imekatiza kinamasi, yani ukitoka pembeni tu uko kwenye maji na mafunjo. Yeye alikuwa brigedi ya 201, wengi mgambo kama yeye, vijana wa juzi tu. Usiku wa Machi 10 Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakashusha roketi. Anasema nyingi zilipita juu ya vichwa vyao, ila ule mlio walikuwa hawajawahi kuusikia maisha yao.

"Nilikimbia," akasema. Nikadhani nimesikia vibaya. "Nilikimbia mpwa wangu, maji kifuani, bunduki nimeinyanyua hivi." Na mikono akainyanyua kweli, kahawa ikamwagika kwenye mkeka, shangazi akaguna.

Mi sikujua niangalie wapi. Miaka yote hiyo nyumbani mjomba shujaa, mjomba shujaa.

Alfajiri ndo brigedi ya 208 iliyokuwa imezunguka ikatokea nyuma ya Walibya, na wao waliotawanyika wakakusanywa, wakarudishwa palepale barabarani, mchana Lukaya ikawa mikononi mwao. Nikamuuliza, sasa kurudi uliwezaje? Akasema rafiki yake alikuwa bado yuko kule mbele. Jina hakutaja, na mi sikuuliza zaidi.

Picha nimepiga, ila ya kopo tu na mkono wake juu ya kifuniko.

Jumapili asubuhi kanisindikiza mpaka barabarani, polepole maana magoti yanamsumbua, na yale machungwa yaliyobaki kanibebesha yote nirudi nayo Dar.